Kichwa Hiki Asikiguse Mtu

Yule bwana wa redioni mwenye sauti ya kushiba alitwambia kwamba vita hivi si vita. Ni operesheni. Na operesheni yenyewe ni fupi, tena fupi kiasi kwamba mtu akiteleka maharage akaenda, atarudi kabla hayajaungua. Basi mwanangu akaitwa. Aliwahi kuwa askari akiwa msichana, kabla hajapata akili ya kushika kitana, na jeshi lilikuwa limemweka akiba kama watu wanavyoweka chumvi. Baba wa mtoto wake alimsahau ndani ya wiki moja tu. Alikwenda kutafuta maisha, na inaonekana bado hajayapata. Lakini jeshi halisahau mtu, hilo nalisifu.

Kazi ya mwanangu ni ususi. Chumba chetu cha mbele, kile kinachotazama barabara, ndicho saluni: kiti kimoja cha plastiki ambacho mguu wake umeungwa kwa waya, kioo chenye ufa unaompa kila mteja kovu la bure shavuni, kopo la vitana, na ndoano ukutani zenye mafungu ya nywele bandia yanayoning'inia kama mikia ya farasi waliokosa bahati. Yeye husuka, mimi hufumua. Na kufumua ni kazi, msicheke. Mteja akija na kichwa alichokikalia miezi, mimi humkalisha mkekani, nikachukua kitana cha mkia, nikafungua fundo kwa fundo, bila kukata wala kung'oa, mpaka kichwa kiwe tayari kwa bingwa. Wenye haraka hawaiwezi. Wenye haraka hushika mkasi, ndiyo maana mtaa umejaa wanawake wenye mapengo utosini wanaosema eti ni mtindo.

Siku ya kuondoka, mchana, mwanangu alimkalisha binti yake kwenye kile kiti na kumsuka. Huyu mjukuu wangu, mke mwenzangu, watu wanamwita Siafu, kwa kuwa ni mdogo, mweusi, na huuma bila kutangaza. Ndiyo kwanza alikuwa ameng'oka meno ya mbele. Akasukwa mistari iliyotoka kwenye paji la uso ikaenda mpaka kisogoni, kila mmoja ukaunganishwa na nywele bandia zikashuka begani, na kila ncha ikafungwa uzi mwekundu. Hata mimi, ambaye kazi yangu ni kuharibu, nilisema hii ni kazi.

Kisha mwanangu akampa kioo, akasema yale anayomwambia kila mteja anapomaliza:

“Kichwa hiki sasa ni changu. Asikiguse mtu mpaka tuonane.”

Ni maneno ya biashara. Huyasema ili mteja asije akavuka barabara kwenda kwa msusi wa ng'ambo. Ni kama muuza nyanya anavyokuapia kwamba zote zimechumwa asubuhi hii. Siafu alikuwa ameyasikia tangu tumboni. Lakini siku ile yalisemwa juu ya kichwa chake mwenyewe, na aliyeyasema alikuwa amevaa buti.

Mwanangu akaenda. Maharage yakaungua.

Tukaingia katika kusikiliza redio. Yule bwana akasema operesheni imefika hatua zake za mwisho. Mwezi uliofuata akasema hatua za mwisho zinaendelea vizuri. Baadaye nikaelewa kwamba hatua za mwisho zina miguu mingi kuliko tandu. Mwanangu alipiga simu kila alipopata mtandao, na mtandao huko aliko ulikuwa kama baba wa Siafu: ulitokea ulipojisikia.

Na nywele zikaota. Nywele hazijui operesheni. Mistari ikanyanyuka, chini yake kukawa na unyoya, misuko ikafumuka katikati na kuwa kama kamba iliyotafunwa na mbuzi. Mtoto alijikuna kwa kifuniko cha kalamu mchana kutwa. Nikimwambia, “Njoo nikufumue,” anakimbia. Akienda kuoga anavaa mfuko wa nailoni kichwani, ameufunga chini ya kidevu kama bibi kizee mwenye homa. Upepo ukivuma anashika misuko kwa mikono miwili. Na mlio wa taarifa ya habari ukilia redioni, watoto wengine huziba masikio. Huyu wangu aliziba kichwa.

Mimi nilidhani ni ukaidi. Ukaidi katika ukoo wetu si jambo la kuuliza umetoka wapi.

Siku moja akaja yule msusi wa ng'ambo. Huyo tunamwita Dakika Tano, maana kila ukimuuliza lini atamaliza, jibu ni hilo. Alikuwa amejipaka mafuta ya kung'aa na amevaa uso wa msiba, ingawa kwetu hapakuwa na msiba.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Karibu.”

“Nimekuja kuwapa pole kwa haya mnayoyapitia.”

“Pole tumeipokea. Iweke hapo mezani.”

Akakaa kwenye kiti cha mwanangu bila kukaribishwa kwenye kiti. Akatazama kioo, akatazama ndoano, akahesabu kwa macho mafungu yetu ya nywele. Kisha akamwona Siafu pembeni.

“Jamani! Kichwa hicho kimekuwa kiota! Mama, utaacha mjukuu awe hivi na mimi niko hapa? Nipe dakika tano tu.”

“Dakika tano zako tunazijua. Mke wa mwenye duka aliingia kwako msichana, akatoka ana mjukuu.”

“Ee, mama nawe! Mimi nasaidia tu, kwa moyo. Njoo mwanangu, njoo shangazi akuone.”

Akanyoosha mkono. Hakuufikisha mbali. Siafu aliuma pale penye nyama, chini ya kidole gumba, kwa yale meno ya pembeni aliyobakiwa nayo. Dakika Tano akapiga ukelele uliosikika mpaka kwa fundi tairi, na akavuka barabara akiwa amesahau uso wa msiba na pole yake mezani.

Nikafunga mlango. Nikakaa mkekani.

“Mke mwenzangu, mbona umemla mgeni?”

“Alitaka kugusa.”

“Na akigusa kuna nini?”

Anavuta uzi wa mkeka.

“Mimi ni mfumuaji,” nikamwambia. “Fundo halinishindi. Nitakaa hapa mpaka uote meno.”

“Akigusa, mama atafutika.”

“Nani kakwambia ujinga huo?”

“Yeye mwenyewe! Dakika Tano. Alisema bombani. Na wote wakaitikia.”

Hapo nikakumbuka. Mke wa fundi tairi, jirani yetu, alibaki peke yake mumewe alipoitwa vitani. Mume aliacha shati nyuma ya mlango. Siku moja mwanamke wa watu akaamua kulifua, kwa kuwa shati chafu hufuliwa, hiyo ndiyo desturi ya mashati. Kesho yake wakaja mabwana wawili wenye viatu vilivyong'arishwa, wakagonga. Tangu siku hiyo tairi huzibwa na mdogo wa marehemu. Na pale bombani, kina mama wenye ndoo na hekima, Dakika Tano akiwa mbele yao, wakaamua kesi: angeliacha shati lile na jasho lake. Cha mtu aliye vitani ukikisafisha, umemfuta. Wakatikisa vichwa. Hakuna aliyefikiri kwamba mwenye kosa ni aliyefyatua risasi. Kosa likawa la sabuni. Na katikati ya magoti yao alikuwa amesimama Siafu na kidumu chake, anakinga maji na maneno kwa pamoja.

“Sikiliza,” nikamwambia. “Nywele ni nywele. Mama yako yuko kwake, nywele ziko hapa. Hazijuani.”

“Una hakika, bibi?”

“Nina hakika.”

“Hakika kama ya redioni?”

Nikaenda kutazama maji jikoni, ambayo hata sikuwa nimeyateleka.

Kwa hiyo nikaacha. Nikasema subira ndiyo mtaji wangu, na nywele zikae. Lakini shule haina subira, ina sheria. Mwalimu Mkuu akaniita.

Ofisi yake ina meza kubwa, bendera ndogo, na picha ya Mwalimu Mkuu akipeana mkono na mtu ambaye kichwa chake kimekatwa na fremu. Yeye mwenyewe hana unywele hata wa dawa. Mwanga unateleza kichwani mwake kama kwenye sahani. Watu wa namna hiyo ndio hupewa mamlaka ya nywele.

“Bibi,” akasema, “shule yetu inawaenzi mashujaa. Kila Jumatatu gwarideni watoto wa mashujaa wanasimama mbele, tunawapigia makofi.”

“Nimesikia. Asanteni kwa makofi.”

“Lakini sasa, mtoto akisimama mbele na kichwa kile…”

“Makofi yanapungua?”

“Bibi, nywele bandia haziruhusiwi. Tulivumilia kwa kuwa mama yake yuko kazini. Ilitangazwa ni operesheni fupi.”

“Na mimi ndivyo nilivyotangaziwa.”

Akakohoa. Akapanga kalamu zake kwa urefu.

“Jumatatu aje amefumua. Au amenyoa, ambayo ni safi zaidi. Asipofanya hivyo, akae nyumbani mpaka atakapofanya. Sisi tunampenda sana mama yake.”

“Nitamfikishia mapenzi yenu,” nikasema, nikainuka.

Nilipomweleza Siafu, hakulia. Aliuliza tu kama mtu anaweza kuacha shule akiwa darasa la pili na bado akawa msusi. Nikamwambia bibi yake aliishia la saba, na tazama alivyofika mbali: mpaka mkekani.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Amerudi shule, amekaa chini, ameegemea kile kiti cha plastiki, anachambua mchele pamoja nami. Redio ikapiga ule mlio wa taarifa ya habari. Siafu akanyanyuka ghafla ili azibe kichwa kama kawaida yake, na hakujua kwamba msuko mmoja ulikuwa umeingia kwenye ule waya wa mguu wa kiti. Ukavutika. Ukatoka mzima, nywele bandia pamoja na uzi wake mwekundu, ukabaki umening'inia kwenye waya kama mkia wa mjusi.

Mtoto hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuchukua ule msuko, akauweka kwenye kiganja, akautazama. Redioni yule bwana alikuwa akisema kwamba kumekuwa na mapambano ya wastani, na hali imedhibitiwa. Mapambano ya wastani! Kama chai yenye sukari ya wastani.

“Bibi,” akasema polepole. “Amekufa sasa hivi?”

“Hajafa.”

“Piga simu.”

Nikapiga. Yule dada wa kwenye simu, ambaye hajawahi kuwa na habari njema tangu aajiriwe, akasema namba haipatikani. Nikapiga tena. Siafu akaenda kukaa nyuma ya mlango wa mbele, miguu ameikunja, jicho kwenye upenyo wa chini. Nikamuuliza anatazama nini.

“Viatu,” akasema.

Kila aliyepita barabarani ile siku alipita na viatu vyake mbele ya jicho lile. Ndala za muuza mkaa. Raba za watoto. Alipopita mzee mmoja mwenye viatu vyeusi vya kwendea ibadani, nilimwona mtoto ameacha kupumua mpaka vile viatu vikapita. Nami, niliyesimama nyuma yake na sinia la mchele, niligundua kwamba nilikuwa nimeacha pia. Kwa sababu ya vumbi, nadhani.

Ijumaa ikapita vivyo hivyo. Kisimu changu kile chenye tochi kilikaa katikati ya mkeka kama mgonjwa, sisi tumekizunguka.

Jumamosi mchana kikalia.

Siafu alikirukia kabla yangu. Hakuamkia, hakuuliza hali.

“Mama! Alhamisi mchana ulikuwa umekufa?”

Kisimu changu kinapaza sauti hata ukiwa mbali nacho. Nilisikia kila kitu.

“Nini? We mtoto, ndiyo salamu hiyo?”

“Alhamisi! Mchana! Wakati wa taarifa ya habari!”

“Alhamisi mchana…” Mwanangu akafikiri. “Nilikuwa namenya viazi. Wamenitia jikoni wiki nzima. Gunia la viazi, mimi, na kisu kibutu. Ndiyo vita vyangu hivyo. Kwa nini?”

“Ulimenya vizuri?”

“Ah, nilijikata kidole kidogo, lakini…”

Siafu akanigeukia na macho ya mwendesha mashtaka aliyepata ushahidi. Akaziba simu kwa kiganja.

“Umeona! Msuko mmoja, kidole! Na yote je?”

“Halo? Halo? Mnanisikia? Kuna nini na Alhamisi?”

“Mama, msuko umetoka. Mmoja. Lakini si mtu aliyegusa, ni kiti!”

“Msuko? Ule wa siku ile? Haa! Bado uko nao? Mwambie bibi yako a…”

Mtandao ukakata. Mtandao una kipaji, sijui nani aliufundisha. Ungeweza kukata kwenye habari za viazi, ukakata hapo.

“Nikwambie nini, bibi?” Siafu akaniuliza. “Amesema ‘a’ nini?”

“A… afumue. Nini kingine?”

“Au asiguse. Nayo inaanza hivyo hivyo.”

Sasa niambieni, nani alimpeleka huyu mtoto shule? Nilijaribu kupiga tena, yule dada akanipa habari zake za kawaida. Nikampikia mtoto uji, akala akinipa mgongo. Kidole kwa msuko mmoja. Hesabu ilikuwa wazi, na iliyobaki kichwani haikuwa misuko ya kidole. Ilikuwa misuko ya mtu mzima.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, alikuja mwenyewe na mkeka. Akautandika mbele ya kioo chenye ufa. Akakaa.

“Bibi, mama alipokuwa hapa, alikuwa anajikata?”

“Kila akishika kisu. Mama yako msusi, si mpishi. Kitunguu kikimwona kinacheka.”

“Na mimi nilikuwa nimesukwa?”

“Lini hujasukwa? Binti wa msusi wewe. Ulikuwa tangazo letu.”

Akafikiri. Nilimwona kwenye kioo, ule ufa umempita shavuni, midomo inacheza kama anasoma kimoyomoyo.

“Kwa hiyo alijikata, na nywele hazijaguswa.”

“Ndivyo.”

“Basi kidole si cha nywele.” Akanisogezea kitana. “Lakini naogopa vilevile.”

“Ogopa. Hakuna aliyekukataza.”

“Fumua.”

Nikachukua kitana cha mkia. Nikashika msuko wa kwanza, ule wa juu ya sikio, nikatafuta fundo la uzi. Vichwa nilivyofumua katika maisha yangu, ukivipanga vitazunguka mtaa. Nimefumua mabibi harusi na wajane, nimefumua mwanamke uchungu umeshamshika akisema hatazaa na nywele chafu. Na mkono wangu ukakataa. Ulikaa pale hewani na kitana, kama mkono wa mtu anayetaka kubisha hodi nyumba asiyoijua. Nilikuwa naona shati nyuma ya mlango. Mimi, bibi mzima, niliyecheka kina mama wa bombani!

“Bibi, unaogopa?”

“Niogope nini? Macho yangu tu, sioni uzi.”

“Uzi ni mwekundu, bibi.”

Siafu akanitazama kwenye kioo kwa muda, kwa huruma, kama vile watu wazima wanavyomtazama mtoto aliyejikojolea ugenini. Kisha akanyoosha mkono nyuma, akanipokonya kitana.

“Lete. Mama akigomba, atanigomba mimi. Wewe hukuwepo.”

Akauvuta ule msuko mbele ya uso wake. Akatafuta fundo kwa kucha. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Uzi ulipolegea alifumba macho, akavuta, ukatoka. Tukageuka wote wawili kutazama simu. Simu ikatutazama. Tukatazama upenyo wa chini ya mlango. Akapita kuku.

“Mmoja,” akasema, sauti ikiwa nyembamba.

Akafumua wa pili. Tukatazama simu. Wa tatu, akatazama yeye peke yake. Baada ya hapo akaacha kutazama, kwa sababu kazi ya kufumua ina tabia hiyo: ikikushika inakumeza. Ulimi umetoka kwenye pengo la meno, vidole vinatafuta njia. Ana mkono mzuri, nasema kama mtaalamu. Hakati wala hang'oi. Akafika kwenye masikio, akajaribu kisogoni, mikono ikagoma.

“Huku nyuma sifiki.” Akanirudishia kitana juu ya bega bila kugeuka. “Kama unaogopa, fumba macho.”

Nikafumba. Kweli kabisa, nilifumba macho nikafumua kwa vidole, na vidole vilijua njia kuliko mimi.

Mlikuta nini humo, mtauliza. Tulikuta punje za mchele, kipande cha chaki, jani la mti usiokuwepo mtaani kwetu, na kifuniko cha kalamu kilichotafutwa nyumba nzima. Tuliosha kichwa hicho mara mbili kwa maji ya moto, maji yakatoka na rangi ya chai. Nyuzi nyekundu Siafu alizikusanya zote akazifunga pamoja, akazitia kwenye kopo la vitana. Kisha nikamchana. Nywele zake zenyewe zilikuwa zimeota kweli, zikasimama nyeusi, nyingi, kama wingu lenye nia.

Jumatatu akaenda shule. Mwalimu Mkuu akamtazama, akatazama lile wingu, akasema, “Sasa mbona zimesimama?” Wakampigia makofi.

Halafu kukaja kimya. Wiki ile simu haikulia, na redio haikusema kitu zaidi ya hatua za mwisho. Siafu hakurudi nyuma ya mlango, lakini chakula alikuwa akikizungusha tu kwenye sahani. Kila saa alijigusa kichwa, pale palipokuwa na misuko, kama mtu aliyeng'olewa jino. Hakuniuliza kitu. Nami sikumwambia nina hakika. Hakika nilikuwa nimemwachia yule bwana wa redioni, anazo nyingi.

Alasiri moja nimekaa kwenye kile kiti, nimevua kilemba nijipepee, akaja akasimama nyuma yangu.

“Bibi, nywele zako zimekuwa kiota.”

“Zina haki. Mimi mzee.”

“Kaa sawa. Nikusuke.”

“Wewe unajua kusuka?”

“Ninajua kufumua. Kusuka ni hivyohivyo, unarudi nyuma.”

Nikakaa sawa. Akachukua kitana, akanigawa kichwa. Mstari wa kwanza ulianza vizuri kwenye paji, ukapata mawazo yake mwenyewe, ukaishia sikioni. Wa pili ukaufuata kwenda kuona umepotelea wapi. Alikuwa ananivuta mpaka nyusi zinapanda, na kila nikisema “aii” ananiambia nitulie, kwa sauti ileile ya mama yake. Nywele zangu nyeupe hazishikani, kwa hiyo ncha alizifunga kwa zile nyuzi nyekundu za kwenye kopo. Alipomaliza upande mmoja akaniletea kioo nijione. Nilikuwa kama shamba lililolimwa na mlevi, tena lenye kovu shavuni.

Siafu akajinyoosha nyuma yangu, akaweka mkono begani kwangu, kama anavyofanya mwenye saluni.

“Kichwa hiki sasa ni…”

Akaishia hapo. Nilimwona kwenye kioo. Aliyatafuna yale maneno, akayageuza, akayameza.

“Ukitaka kufumua, fumua,” akasema. “Hata leo. Hakuna neno.”

Kisha akahamia upande wa pili, akaanza kugawa. Alikuwa katikati ya mstari, vidole vyote vimeshika, pale kisimu kilipolia mapajani mwangu. Mkono wangu ulikuwa mzito, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya kuvutwa nyusi. Nikakibonyeza, nikakiinua mpaka sikioni kwake. Sauti ya mwanangu ikajaa chumba, anafoka kwamba amehangaika siku nzima kutafuta mtandao, na kidole kimepona, na huyo mtoto amefumuliwa au hajafumuliwa?

Siafu akafumba macho kidogo. Akavuta pumzi. Akaibana simu kwa bega, bila kuachia hata unywele mmoja wa kwangu.

“Subiri kidogo, mama,” akasema. “Nina mteja.”